Damu ya Upande wa Kushoto

Usimuulize mwindaji, uliza mshale.

Ndiyo maneno mliyomsikia baba yenu akimwambia yule fundi leo mchana, fundi huyo alipokuwa akijisifu kwamba shule nzima ya Kalembela aliijenga peke yake. Mlicheka, kisha mkaja kuniuliza: Bibi, kwani mshale una mdomo? Na mwindaji ana kosa gani hata asiulizwe? Mmefanya vizuri kuuliza. Watu wengi huyatumia maneno haya bila kujua yalikotoka, na wengine hudhani ni ya enzi za mababu wa mababu. Si ya zamani hivyo. Siku yalipotamkwa kwa mara ya kwanza nilikuwepo, nimeshika mwiko, na mtu aliyeyatamka nilikuwa simpendi hata kidogo. Yalianza hivi.

Wakati ule wanaume wa hapa waliwinda kwa upinde. Siku hizi pori lote la ng'ambo ya mto ni hifadhi, na ukikutwa huko na upinde utalala ndani. Lakini enzi hizo nyama ya kijiji ilitoka huko, na kila mwindaji alikuwa na alama yake. Mhunzi alipofua kigumba, yaani kile chuma cha mbele cha mshale, alikichora alama ya mwenyewe kikiwa bado chekundu kwa moto. Mmoja alikuwa na msalaba, mwingine mistari mitatu, mwingine duara. Mnyama akikimbia na mshale na kuanguka mbali, alama ndiyo iliyosema ni wa nani. Hata sisi wanawake tulizijua alama zote, kama mnavyojua leo ng'ombe wa nani ana chapa gani.

Mkuu wa wawindaji aliitwa mzee Ntinginya. Yeye ndiye aliyekuwa na baragumu, pembe ya palahala iliyopulizwa kuwakusanya watu. Mwenye baragumu ndiye aliyeamua waende pori gani, nani asimame wapi, na lini warudi. Akikosea, mtu hufa. Kwa hiyo haikuwa pembe ya kupewa yeyote.

Ntinginya alikuwa mtu wa kuuliza. Ukimwambia umeona sungura, alikuuliza sungura alikuwa anatazama wapi. Ukimwambia hujui, alikuuliza kwa nini hukuangalia. Watoto walimkimbia kwa ajili ya maswali yake, na wakwe zake pia. Mwaka ninaousimulia, macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na vivuli, basi. Alijua hawezi tena kuwaongoza watu porini. Masika yalipokwisha, kabla msimu wa kuwinda haujaanza, aliwaita wawindaji wote kwenye ua wake, akawaambia:

"Baragumu nataka kuiacha. Wa kumwachia siwezi kumchagua kwa macho, maana macho sina. Nitachagua kwa masikio. Kila mmoja wenu anisimulie mnyama mmoja tu, yule anayemjivunia kuliko wote aliowahi kuwapiga."

Ilikuwa asubuhi, jua halijawa kali. Sisi wanawake tulikuwa upande wa jikoni, tunapika ugali wa mtama na nyama kavu ya kuwalisha watu wale. Mimi nilikuwa nimeolewa mwaka uliotangulia. Karibu yangu aliketi mama mmoja mtu mzima, jina lake Nyanzala, ingawa wengi walimwita Mama Machibya kwa jina la mwanawe wa kwanza, aliyekuwa amefariki. Mwanawe wa pili, Mihambo, alikuwa miongoni mwa wawindaji, na karibu kila mtu aliamini kwamba baragumu itakwenda kwake.

Baba yangu naye alikuwepo, lakini si kama mwindaji. Aliitwa Kasubi, alikuwa mtengeneza mizinga ya nyuki. Siku ile alileta asali ya wageni, akaiweka chini, akakaa kando karibu na ghala. Zamani aliwinda. Aliacha nikiwa mtoto mdogo, na tangu hapo kijiji kilimpa jina la Mpiga Upepo. Mimi nilikua nikiitwa mtoto wa Mpiga Upepo kisimani, shambani, hata siku ya harusi yangu. Nilipomuuliza mama sababu, alisema niache. Nilipomuuliza baba, alisema nimletee panga lake.

Wa kwanza kusimulia alikuwa Msengi, mtu mfupi mwenye sauti nyembamba. Alisema yeye anajivunia ngiri. Watu wakacheka, kwa sababu ngiri ni mnyama wa kila siku. Alisema alimsubiri nje ya shimo tangu alfajiri, ngiri akatoka kwa kishindo, akampiga kumbo, naye akaachia mshale akiwa anaanguka chali.

"Ulijuaje yumo ndani?" akauliza Ntinginya.

"Utando wa buibui ulikuwa umekatika mlangoni, mzee. Na nyayo za kutoka hazikuwepo."

Ntinginya akaitikia kwa kichwa, akasema aendelee mwingine.

Wa pili alikuwa Lugata, mwenye maneno mengi. Yeye alisimulia pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, aliyemfuata siku mbili bila maji, akinyonya mizizi, mpaka pofu mwenyewe akachoka akalala. Alisimulia vizuri kweli, mpaka tukasahau vyungu motoni.

"Siku ya pili upepo ulitoka wapi?" akauliza Ntinginya.

Lugata akafikiri. "Hilo sikumbuki, mzee."

"Basi hukumfuata pofu, ulifuata bahati. Kaa chini, baba."

Watu wakacheka, na Lugata mwenyewe akacheka. Kisha ua ukatulia, kwa maana Mihambo alikuwa amesimama.

Habari yake tuliijua sote, lakini sikuwahi kumsikia yeye mwenyewe akiisimulia mwanzo hadi mwisho. Hakuisimulia kwa kelele. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo, na siku ile aliongea akitazama ardhi.

"Nyinyi mnajua mnyama wangu ni yupi," akasema. "Miaka kumi na minane iliyopita tulikwenda kurina asali, mimi na kaka yangu Machibya. Kiu ilitushika. Nikashuka mtoni kuteka maji, yeye akabaki chini ya mzinga. Nikiwa huko nilisikia kishindo. Niliporudi, nyati alikuwa anaondoka. Dume la peke yake, pembe moja imevunjika. Kaka yangu hakuwa tena na pumzi. Kama nisingekwenda kuteka maji, tungekuwa wawili."

Akachora vumbini kwa kidole cha mguu, kisha akaendelea.

"Siku ya tatu mzee hapa alipuliza baragumu. Tulijipanga kando ya mto, mtu na mtu, mbali mbali. Kasubi aliwekwa kivukoni. Mimi niliwekwa chini yake, kwenye mawe. Jioni nyati akaja kutoka upande wa kivuko. Tulisikia Kasubi akipiga kelele, na baadaye walimkuta juu ya mti."

Wachache wakacheka. Baba hakuinua kichwa.

"Akanijia mimi. Nilimngoja mpaka nikaona matongo ya jicho lake. Nikampiga bega la kulia, akanipita kama gogo linaloporomoka. Giza likaingia, tukarudi nyumbani. Asubuhi tukafuata damu, tukamkuta amekufa bondeni, mshale wangu umesimama begani. Huyo ndiye mnyama wangu. Tangu kaka yangu azikwe sikuwa nimekula. Siku ile nilikula."

 Nilimwona Nyanzala amefumba macho. Hata mimi, ambaye sikumpenda Mihambo kwa sababu ya jinsi alivyomtaja baba yangu, nilikuwa nimeacha kukoroga ili nimsikie. Nikajua kwamba mambo yamekwisha, baragumu imepata mwenyewe.

Lakini Ntinginya alikuwa amekunja uso kama mtu anayesikiliza mlio wa mbali.

"Mihambo, mwanangu," akasema taratibu. "Asubuhi ile mliyomkuta nyati, mimi nilikuwa na homa, sikwenda. Kuna jambo nimetaka kukuuliza miaka yote hii. Kila uliposimulia niliutazama uso wako, nikaona uchungu, nikanyamaza. Leo uso wako siuoni. Nasikia maneno tu. Utanisamehe nikiuliza?"

"Uliza, mzee."

"Ile damu mliyoifuata, ilikuwa upande gani wa njia?"

Mihambo akajibu bila kufikiri. "Kushoto. Majani ya upande wa kushoto yalikuwa mekundu mpaka bondeni."

"Kushoto kwenu, au kushoto kwa nyati?"

"Tulikwenda alikokwenda yeye, mzee. Ni kushoto kule kule."

"Na wewe ulimpiga bega gani?"

"La kul..." akaanza kusema Mihambo, kisha akanyamaza.

Nawaambia, wajukuu zangu, nimeona watu wengi wakipata habari mbaya. Lakini sijaona tena mtu akiipata kutoka kinywani mwake mwenyewe.

Lugata akadakia. "Labda aligeuka, mzee. Labda alijikwaruza kwenye mti wa miiba."

"Labda," akasema Ntinginya. "Simkatalii mtu. Nauliza tu. Alipokuwa amekufa, alilalia ubavu gani?"

"Wa kushoto," akasema Mihambo. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na mlipomchuna, kuna aliyeangalia ngozi ya upande huo?"

Wazee waliokuwepo siku ile wakatazamana. Mmoja akasema kwamba ngozi ya dume lile ilikuwa imejaa makovu na matundu ya miiba, na tena hapakuwa na sababu ya kuangalia. Mshale ulikuwa unaonekana begani. Nani aangalie kwingine?

Ntinginya akageuza kichwa, akitafuta kwa masikio.

"Kasubi yupo?"

"Nipo, mzee," baba akajibu kutoka ghalani. "Nimeleta asali."

"Sikuita asali, niliita wawindaji. Na wewe ulikuwa mwindaji. Nisimulie mnyama wako."

Hapo kicheko kikalipuka. Mtu mmoja akauliza, "Atajivunia upepo wa kusi au wa kaskazi?" Wakacheka zaidi. Nilikuwa nimeshika mwiko, na mikono yangu ikawa haisikii ninachoiambia. Nikaona ugali unashika chini, nikashindwa kuukoroga.

Baba alisimama. Aliwangoja wamalize kucheka, kama anavyongoja nyuki watulie.

"Mimi sina mnyama, mzee," akasema. "Nina mshale mmoja tu ninaoukumbuka. Nyati alinipita karibu, kama kutoka hapa hadi kwenye kinu kile. Nikaachia mshale. Nikasikia sauti, kama kofi juu ya ngozi. Akageuka akanitazama, nikaogopa, nikatupa upinde nikapanda mti. Hilo sijalikataa hata siku moja. Watu walipofika nikawaambia nimempiga. Tukatafuta damu pale kivukoni, hatukuiona. Tukatafuta mshale, hatukuuona. Wakasema nimepiga upepo."

Akaiangalia asali yake pale chini, akaendelea.

"Mwaka wa kwanza nilibisha. Mwaka wa pili nikaanza kufikiri kwamba ile sauti niliiota. Nikaacha kuwinda, maana mtu asiyeamini masikio yake atafanya nini porini? Lakini mpaka leo nikipita kivukoni huangalia chini, nikipekua majani. Wakati mwingine hushinda pale. Sijivunii kitu, mzee. Nataka tu kujua mshale wangu ulikwenda wapi."

Safari hii hakucheka mtu.

Nilikuwa sijawahi kuyasikia maneno yale. Miaka yote niliyomwona baba akichelewa kurudi kutoka kivukoni, nilidhani anatafuta miti ya mizinga.

Pembeni yangu Nyanzala akainuka. Alijifuta unga mikononi, akaniangalia. Hakuniangalia usoni, aliangalia mikono yangu. Kisha akasema polepole, "Kalunde, epua chungu hicho, kinaungua," akatoka uani. Nyumba yake haikuwa mbali. Mwindaji mwingine alikuwa ameanza kusimulia habari za chui, lakini hata yeye alikuwa hajisikilizi.

Nyanzala aliporudi alikuwa ameshika kitambaa cheusi kilichofungwa fundo. Mwanamke hakuwa na ruhusa ya kuingia katika duara la wawindaji. Yeye aliingia. Akapiga magoti mbele ya Ntinginya, akafungua lile fundo kwa meno kwa sababu lilikuwa limekaza, akamwekea mzee kitu kiganjani.

Ntinginya akakipapasa. Akapitisha kidole gumba juu yake, mara moja, mara mbili, kisha mara ya tatu polepole sana.

"Kigumba," akasema. "Kimeshika kutu. Mistari miwili na nukta." Akainua uso. "Hiki ni cha Kasubi. Umekitoa wapi, Mama Machibya?"

"Ndani ya ini la nyati," akasema Nyanzala.

Baba akasogea hatua moja kutoka ghalani, akasimama.

"Mnakumbuka siku ile niliomba kitu kimoja," akaendelea mama yule. "Nilisema yule mnyama ameniulia mwanangu, nataka ini lake nilikate kwa mkono wangu. Mkaniachia. Nilipotia kisu kikagonga chuma. Nikakitoa, nikakiangalia. Alama ya mwanangu ni msalaba. Ile haikuwa msalaba. Nikakificha ndani ya nguo."

"Mama," akasema Mihambo. "Unasema nini?"

"Nasema unachosikia."

"Ulijua? Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Miaka kumi na minane umenisikia nikisimulia, na unajua?"

Nyanzala akamgeukia. Hakulia. "Ulikuwa huli, Mihambo. Ulilala juu ya kaburi la kaka yako siku mbili, unasema ni wewe uliyemuua kwa sababu ya maji. Nilikuwa nimezika mmoja, na wa pili namwona anakwenda. Ulipouona mshale wako begani mwa yule mnyama ulisema, 'Mama, nimemlipa.' Ukaomba chakula. Ningekwambia si wewe? Ningekwambia hivyo halafu nizike wawili?"

Mihambo akakitazama kile kigumba kiganjani mwa mzee.

"Na Kasubi?" akauliza Ntinginya.

"Kasubi nimemwibia," akasema Nyanzala. "Nilijiambia ni mtu mzima, watamcheka mvua moja, mvua mbili, watachoka. Hawakuchoka. Nikasema nitamwambia mwakani, na mwakani ikawa mwakani. Leo nimekaa karibu na binti yake. Nimeiona mikono yake ilivyotetemeka juu ya mwiko. Nimeshindwa kukaa."

Mtadhani nilimwonea huruma. Hapana. Siku ile nilimchukia Nyanzala kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nilihesabu miaka yote, nikahesabu kisima na harusi, nikaona kwamba fundo lile la kitambaa lilikuwa nyumba ya pili kutoka kisimani kwetu muda wote huo. Huruma ilikuja baadaye, nilipozaa mimi mwenyewe.

Mihambo akaenda akakitwaa kile kigumba kutoka mkononi mwa Ntinginya. Akakigeuza kwenye mwanga. Sote tulimtazama, maana alikuwa na nguvu, na alikuwa na uchungu, na hatukujua atafanya nini. Wengine walidhani atakitupa. Mimi nilidhani atampiga mtu. Akaanza kutembea kuelekea ghalani, na watu wakampisha. Akafika mbele ya baba yangu, akasimama, akakitia kile chuma kiganjani mwake.

Lugata, ambaye hakuweza kukaa bila kusema, akaita kutoka nyuma: "Mihambo, wewe ndiwe uliyekuwepo. Tuambie basi, nyati yule ni wa nani?"

Mihambo akageuka.

"Msiniulize mimi," akasema. "Mmeniuliza miaka kumi na minane, nami nimewajibu miaka kumi na minane, na kila neno nililosema nililiamini. Usimuulize mwindaji. Uliza mshale."

Akachukua upinde wake, akatoka uani. Hakuna aliyemfuata.

Baba alikuwa bado amesimama pale na kile chuma. Alimwangalia Nyanzala.

"Kwenye ini?" akauliza.

"Kwenye ini. Mshale uliingia mbavu za kushoto ukafika humo. Ulikuwa umezama wote, ule mti wake umekatikia ndani."

"Basi ile sauti niliisikia," akasema baba.  Akakaa chini, akakigeuzageuza kile kigumba mpaka jua likafika utosini, na asali yake ikajaa sisimizi bila yeye kujua.

Siku ile baragumu haikutolewa. Ntinginya alisema amechoka, na chakula chetu kililiwa kimya kimya, kimeungua chini.

Siku ya nne nilikuwa nyumbani kwa baba, nimekwenda kumsalimia, tukasikia hodi. Alikuwa Mihambo. Alikuwa amekonda kidogo. Hakukaa. Alisema tu, "Kasubi, nataka unionyeshe uliposimama." Baba akavaa ndala zake, wakaondoka pamoja kuelekea mtoni. Walirudi jua limepinduka, wanabishana kuhusu mti fulani, kama umeanguka wenyewe au umekatwa. Mihambo akaaga akaenda zake.

"Mmesemezana nini huko?" nikamuuliza baba.

"Ametaka kuona nilipokuwa nimesimama. Amepima kwa hatua hadi alipopita nyati. Amesema ni karibu kweli."

"Basi?"

"Na mimi nikataka kuona aliposimama yeye, pale kwenye mawe. Sikuwahi kwenda." Baba akavua ndala, akakung'uta mchanga. "Pale hapana mti, Kalunde. Hata kichaka hapana. Mimi nilipanda, yeye alisimama. Mshale wake haukumuua yule mnyama, lakini ningekuwa yeye ningekimbia kabla ya kuvuta upinde."

Baada ya siku ile sikumsikia mtu yeyote akimwita baba yangu Mpiga Upepo. Wapo walioanza kusema arudi kuwinda. Alikataa. Alisema amekaa na nyuki muda mrefu, na macho yake yamezoea kutazama juu.

Kati ya Mihambo na mama yake mambo hayakwenda haraka. Mihambo hakukanyaga kwa mama yake mpaka mtama ulipovunwa. Kisha siku moja akaja na mzigo wa nyasi za kuezekea, akapanda juu ya paa bila kuitwa. Nyanzala mwenyewe ndiye aliyenisimulia, miaka mingi baadaye, wakati mimi na yeye tulikuwa tumeshapatana. Alisema Mihambo alifanya kazi kutwa bila kusema neno. Aliposhuka aliuliza swali moja tu: "Lile ini ulilonipa siku ile, ulinipa ukiwa umeshakiona kile chuma?" Akamjibu, "Nilikupa ili ule, mwanangu." Mihambo akanawa mikono, akasema, "Kuna chakula?" Akamwandalia, akala.

Baragumu alipewa Msengi. Watu walishangaa, mtu wa ngiri. Lakini Ntinginya alisema katika wote waliosimulia, Msengi peke yake ndiye aliyejibu swali kwa kile alichokiona na si kwa kile alichokitaka. Mihambo alikuwa wa kwanza kwenda kwa Msengi kuuliza asimame wapi msimu utakapoanza.

Msengi aliweka desturi moja mpya, na ilifuatwa mpaka siku upinde ulipokatazwa. Mnyama akianguka, hakuna kisu kinachoguswa kabla hajageuzwa pande zote mbili na mishale yote kutolewa. Inapangwa juu ya majani mabichi, na alama husomwa kwa sauti mbele ya watu wote. Baada ya hapo ndipo mtu anaruhusiwa kusimulia alivyompiga.

Lakini mnajua wanaume na nyama. Kila mara alikuwepo mmoja asiyeweza kungoja, ameshaanza kusema nilimvizia hivi, nikamwona hivi, nikaachia hivi, huku mnyama bado amelalia ubavu. Hapo wenzake walimkatiza kwa maneno yale mliyoyasikia leo. Na mume wangu, aliyewinda nao miaka kumi na miwili, aliniambia kwamba katika muda wote huo aliyewahi kuyatamka kabla ya wengine alikuwa yule yule, mtu mrefu, mkavu, aliyesimama nyuma na upinde wake begani. Hakuyasema kwa hasira, wala kwa mzaha.

"Usimuulize mwindaji," Mihambo alisema. "Uliza mshale."